Watoto wa Tanga hawashindwi na maji, wanashindwa na ukuta

Saa nne asubuhi nimesimama pembeni ya bwawa la shule moja huko Dar, jasho linanitoka, simu mkononi narekodi, na mpwa wangu wa miaka 12 yuko njia namba 8, ile ya mwisho kabisa karibu na ngazi, anasubiri kipenga cha mita 100 fristaili. Kikalia. Akatoka vizuri tu, mikono mirefu, haangalii mtu, na mpaka mita kama ishirini alikuwa sambamba na yule wa njia ya 4 ambaye kila mtu pale alishajua ndiye wa kuchukua dhahabu. Halafu ukaja ukuta. Yule wa njia ya 4 akapotea chini ya maji, akabiringita, akausukuma kwa miguu na kuibukia huko mbele kama pomboo. Mpwa wangu yeye akafika, akashika ukingo kwa mkono wa kulia kama mtu anayeshika ubavu wa ngalawa, akanyanyua kichwa, akavuta pumzi, akageuka taratibu ndio akaondoka. Mita mbili zimeshakwenda. Na bwawa lile ni la mita 25, kwenye mita 100 ukuta unakuja mara tatu kabla ya ule wa kumalizia, kwaiyo hesabu fanya mwenyewe.

Alimaliza wa sita. Video nimeirudia mara nyingi mpaka dada yangu akaniambia kaka hebu acha, mtoto mwenyewe ameshasahau.

Tulipeleka watoto 11 kwenye mashindano hayo ya kanda ya vijana, siku mbili, tukarudi na shaba moja na DQ nne, yani mara nne watoto wetu walitolewa kwa kuvunja sheria. Na mnaijua Tanga, basi halijafika hata Segera habari zimeshatangulia nyumbani. Kesho yake jioni nimekaa barazani Ngamiani nakunywa kahawa zangu, mzee mmoja ananiuliza, "Yani nyie, bahari hii hapa mlangoni, mnakwenda kufungwa kuogelea na watoto wa Masaki?" Watu wakacheka. Mwingine akadakia kwamba watoto wa siku hizi laini, wao enzi zao walikuwa wanavuka mpaka kisiwa cha Toten na kurudi, tena kwa kushindania andazi. Nikacheka na mie, lakini lile swali nililala nalo, kwa sababu jibu lipo na halihusiani kabisa na ulaini wa mtoto.

Mashindano ya bwawani nusu yake ni kuogelea na nusu ni mambo ya ukutani. Unavyoruka kutoka ukutani, unavyougusa, unavyougeukia, unavyousukuma, unavyokaa chini ya maji baada ya kuusukuma (unaruhusiwa mpaka mita 15 kwenye fristaili, chali na kipepeo, ukizidi wanakutoa). Binadamu hana mwendo mkubwa ndani ya maji kama ule wa sekunde moja mbili akitoka kujisukuma. Kama hamniamini mimi angalieni wakubwa. Kyle Chalmers wa Australia pale Paris 2024 alichukua fedha ya mita 100 fristaili kwa sekunde 47.48, nyuma ya Pan Zhanle wa China aliyekwenda 46.40, na bwawa la Olimpiki ni la mita 50, unageuka mara moja tu. Chalmers huyohuyo mwaka 2021 alishaogelea mita 100 kwa sekunde 44.84. Alikuwa mwingine? Hapana, bwawa ndio lilikuwa lingine, la mita 25, kuta tatu za kugeukia. Mtu mmoja, umbali mmoja, zaidi ya sekunde mbili na nusu zimetoka, na nyingi ya hizo kaziokota ukutani.

Sasa njoo uone sisi tunapofanyia mazoezi. Upande wa Raskazone, baharini, bure, Mungu katupa. Ila bahari ina ratiba yake na haikuulizi yako. Maji kujaa kunasogea kama dakika 50 kila siku, kwaiyo Jumatatu yakijaa saa kumi jioni mambo safi, Alhamisi yanajaa saa kumi na mbili na nusu na giza linaingia, wiki inayofuata saa hizo za jioni unakuta yamekupwa, watoto wanatembea kwenye tope na majani kwenda kutafuta maji ya kifuani. Siku za bamvua ndio usiseme, yanatoka mpaka unaona mawe ambayo hujui kama yapo. Ikivuma kusi wimbi linamlisha mtoto chumvi kila akigeuza uso kuvuta pumzi. Na kuna siku za yavuyavu, hizo mtoto anarudi nyumbani na michirizi mapajani na mama mtu anakupigia simu wewe.

Kocha wetu, ambaye mchana ana kazi yake nyingine na jioni anafundisha kwa mapenzi tu, alifunga kamba ya mita 50 na madumu ya mafuta ya kula kila upande. Hilo ndilo bwawa letu. Mtoto anakwenda mpaka dumu, analizunguka, anarudi. Kuna siku nilishika saa mie mwenyewe, mtoto mmoja kwenda alitumia chini ya dakika na kurudi karibu dakika na nusu, mkondo ulikuwa umeanza kutoka. Utaandika taimu ipi hapo? Ukiandika ya kwenda unajidanganya, ukiandika ya kurudi unamuonea mtoto.

Na taimu ndiyo cheti cha kuzaliwa cha muogeleaji. Kwenye mashindano watoto wanapangwa kwa taimu walizokuja nazo, wenye kasi wanakaa katikati, wa kwanza njia ya 4, wa pili ya 5, halafu 3, 6, na kuendelea kwenda pembeni. Asiye na taimu iliyoogelewa kwenye bwawa lililopimwa anaandikiwa kwamba hana, basi anatupwa mwisho, njia ya 8 au hiti ya kwanza (hiti ni kundi linaloogelea kwa pamoja) na wanyonge wenzake. Wale wasichana wa umri wa mpwa wangu walikuwa wanane tu, hiti moja, ndio maana walau aliogelea na wakali. Wavulana walikuwa wengi. Wa kwetu karibu wote waliogelea hiti za mwanzo ambazo hazina wa kukimbizana naye, na medali zinatolewa kwa taimu za hiti zote zikilinganishwa. Huko juu zaidi mchezo ni uleule. Collins Saliboko na Sophia Latiff waliotuwakilisha Paris 2024 walikwenda kwa zile nafasi za upendeleo wanazopewa nchi ambazo hazijafikisha viwango, mwanamume mmoja mwanamke mmoja, na hata nafasi hizo zinaangalia taimu za bwawani. Mtoto wa Sahare anayemaliza kilomita mbili baharini bila kupumzika, kwenye karatasi hayupo.

Turudi bwawani maana yale ya siku ya kwanza sijayamaliza. Watoto walipoingia kupasha moto malalamiko yakaanza, "Kocha, haya maji hayabebi!" Na kweli hayabebi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, ndio maana yanakuinua, nyonga na miguu vinaelea vyenyewe. Ya bwawani mtoto wa bahari anaona miguu inazama, anapiga teke zaidi kuinyanyua, mita hamsini za mwanzo pumzi zimekwisha. Halafu kuna ile tabia ya kunyanyua kichwa kila baada ya mikono kadhaa kuchungulia mbele. Baharini usipochungulia utajikuta umeelekea bandarini. Bwawani kuna mstari mweusi chini, hakuna cha kuchungulia, na kila ukinyanyua kichwa miguu inazama tena. Yani ujuzi uliomlinda mtoto miaka mitatu unageuka kuwa kosa ndani ya siku moja.

Na zile bendera. Juu ya bwawa kuna kamba ya vibendera vya rangi imekatiza kila upande, mita 5 kutoka ukutani. Wetu mmoja, miaka 10, akaniambia kwa furaha kabisa, mjomba hawa wamepamba kama Maulidi. Hatukujua, au tuseme kocha alijua ila hakupata pa kuwaonyesha, kwamba vile vibendera ni vya wanaoogelea chali, ukiviona juu yako unahesabu mikono mpaka ukuta. Dogo akaingia mita 50 chali, akavipita vibendera vya Maulidi kwa kasi nzuri sana na akaupiga ukuta kwa utosi. Sauti ile tuliisikia mpaka kwenye mabenchi. Alilia kidogo, akawekewa barafu, mchana akala wali wake na machungwa ya Muheza tuliyobeba, akasahau. Mie sijasahau.

DQ zote nne zilikuwa za ukutani. Moja kuondoka kabla ya kipenga, siku hizi hakuna kusamehewa mara ya kwanza, ukichomoka umetoka. Tatu ni za staili ya chura na kipepeo, ambazo sheria inataka uguse kwa mikono miwili kwa pamoja, kila ukigeuka na ukimaliza. Wetu waligusa kwa mmoja. Mmoja wao alikuwa anaongoza hiti yake, wallahi alikuwa anaongoza, akafika mwisho akagusa kwa mkono wa kushoto na kusimama, kama tunavyosimama sote miguu ikishapata mchanga. Refa akanyanyua mkono. Kuna mzazi wetu alianza kupandisha sauti kwamba wanatuonea kwa sababu sisi wa mkoani, nikamshika bega, maana refa yule alikuwa sawa kabisa na wa kwao pia alimtoa mmoja. Hakukuwa na uonevu pale. Mtoto ambaye maisha yake yote kumaliza ni kukanyaga mchanga, unamtegemea akumbuke mikono miwili akiwa na moyo unaodunda hivyo?

Lakini kitu kilichonifanya nikae niandike haya ni mita 400 za wavulana, siku ya pili. Kijana wetu wa miaka 14, mrefu, mkimya, baba yake anavua. Mita 400 kwenye bwawa la 25 ni kwenda na kurudi mara 8, kuta 15 za kugeuka. Nikaacha kurekodi nikawa nahesabu. Kila wakitoka ukutani yule mpinzani wa jirani anamuacha kama mita na kitu. Kila wakifika katikati ya bwawa wetu anampunguza, anampunguza, mpaka kabla ya ukuta unaofuata wanakaribiana vichwa. Ukuta. Anaachwa. Anamfuata. Ukuta. Mara ya kumi hivi nikaona wazazi wa upande wa pili nao wameshaliona, wameacha kushangilia wanatazama tu. Alimaliza wa pili kwenye hiti ile, na ukijumlisha hiti zote akawa wa tano. Akatoka majini wala hahemi. Yule aliyemshinda alikaa chini dakika nzima akishika magoti. Niambie nani muogeleaji hapo.

Ndio nikawaambia wazee wa kahawa, huyo mtoto mtoeni ukutani muone.

Najua jibu la haraka: tujengewe bwawa la Olimpiki. Mie hilo naliogopa. Bwawa la mita 50 kwa 25 lenye kina cha mita 2 ni lita milioni mbili na nusu za maji, na maji hayo yanataka pampu inayozunguka usiku na mchana, klorini, fundi, mlinzi, umeme usiokatika. Tumeviona viwanja vinavyozinduliwa kwa ngoma halafu vinaota majani. Hata la mita 25 kwa 12 na nusu, kina mita moja na nusu, ni lita kama 470,000, sio mchezo ila hilo walau shule au halmashauri ikiamua inalimudu. Mabwawa ya hoteli nayo tumeyajaribu, moja walitupokea vizuri tu, lakini lina umbo la figo, utamfundisha mtoto kugeukia kwenye kona ipi? Na hoteli nyingine walituambia watoto wakipiga piga maji wageni wanalalamika. Sawa, biashara yao.

Tunachokosa Tanga ni ukuta. Maji tunayo mpaka ya kugawa. Ukuta ulionyooka, na mwingine unaotazamana nao mita 25 kamili. Huko Afrika Kusini, ufukwe wa Cape Town pale St James na Dalebrook, wana mabwawa yaliyojengwa ufukweni kwa kuta za mawe na zege, bahari ikijaa inapanda juu ya ukuta na kubadilisha maji yenyewe, ikitoka bwawa linabaki limejaa. Hakuna pampu, hakuna klorini. Na sisi jambo hilo sio geni, babu zetu wamejenga nyuzio za kuvulia miaka na miaka kwa akili ileile, maji yanaingia na samaki, maji yanatoka samaki anabaki. Badilisha samaki weka mtoto. Bamvua yetu inapanda na kushuka mita 3 hivi, mainjinia watuambie ukuta uwe na kimo gani, watu wa mazingira waseme wapi hapadhuru mikoko na matumbawe, vibali vitafutwe, mchanga utajaa ndani itabidi kuzoa, najua yote hayo. Bado ni rahisi kuliko kusubiri lita milioni mbili na nusu. Taimu za humo rasmi hazitakuwa, chumvi ni ileile, lakini mtoto atajifunza kugeuka, na taimu rasmi ataifuata Dar mara mbili kwa mwaka akiwa tayari.

La pili, ambalo kocha hakubaliani na mie na tumebishana njia nzima kutoka Chalinze: tuache kuwapeleka watoto wa bahari kwenye bwawa tu. Kuogelea maji ya wazi ni mchezo wa Olimpiki tangu 2008, kilomita 10, na Oussama Mellouli wa Tunisia, Mwafrika mwenzetu, alichukua dhahabu ya mita 1500 bwawani Beijing 2008 na miaka minne baadaye London akachukua ya kilomita 10. Pale hakuna ukuta, na kuchungulia ambako Dar kulimzamishia mtoto wetu miguu ndio ujuzi wenyewe. Sheria inataka umri kuanzia 14 na maji yasizidi nyuzi 31, kwaiyo unakwepa miezi ya joto kali unaweka miezi ya kusi mwishoni, bahari imepoa na upepo umelegea. Kocha anasema kwanza nani ataleta boti za uokoaji, nani atawasimamia watoto arobaini kwenye maji ya wazi, ukimpoteza mmoja umepoteza mchezo mzima hapa Tanga. Hapo alinishika. Sina jibu zuri, zaidi ya kwamba wavuvi wetu wanajua maji haya kuliko boti yoyote ya kukodi na wengi ni wazazi wa hao watoto.

Wasichana sitawaacha ingawa hili linataka makala yake. Mpwa wangu aliogelea na suruali ya kubana na mikono mirefu. Sheria za dunia tangu 2010 vazi la mwanamke la bwawani halipiti goti wala halivuki mabega, na ilibidi kocha akaongee na refa mkuu dakika kumi ndio akaruhusiwa, ni mashindano ya watoto bana. Nguo ile inabeba maji, inavuta. Aliogelea na kilo ya maji mwilini na bado mpaka mita ishirini alikuwa sambamba. Mama yake alisema kama asingeruhusiwa wangerudi Kange na basi la mchana, na hakuwa anatania. Tukitaka wasichana wa Tanga wabaki kwenye mchezo huu wakishafika miaka 13, 14, jambo la vazi liulizwe mapema kwa barua, lisiwe la kubembelezana pembeni ya bwawa mtoto ameshavaa miwani.

Tuliporudi, siku ya tatu ilikuwa bamvua, maji yamejaa jioni. Nikapita Raskazone nikamkuta kocha amepata kipande cha ukuta wa zamani wa kuzuia mawimbi, kimetoboka toboka, kakichora msalaba kwa mkaa, watoto wamepanga foleni wanakiendea mmoja mmoja. Mpwa wangu zamu yake ilipofika alikwenda kasi, akajikunja, akabiringita mapema mno, miguu ikapiga maji matupu. Akarudi kwenye foleni. Mara ya pili ikagusa, akasukuma, akaibuka mbele huku anacheka na kikohozi, na nyayo zinavuja damu kidogo maana ukuta ule umejaa chaza. Nikamwambia utoke uweke ndimu, akasema mjomba subiri, maji yanaanza kutoka. Kweli yalikuwa yanatoka, ule msalaba ulishakuwa juu ya maji, na kocha amepiga magoti anachora mwingine chini yake.